Shati Lisilofuliwa

Mwaka 2014, dhahabu ilipogunduliwa nyuma ya kilima kimoja, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Nyansurura, kambi iliota kwa wiki tatu tu na watu wakawa wengi kuliko vyoo. Waliiita Kambi ya Mabati, maana hakukuwa na kitu kingine cha kuijengea. Walikuja wachimbaji, wakaja wanunuzi, wakaja wauza supu na wahubiri, na kila mmoja alisema anakaa mwezi mmoja tu halafu anarudi kwao. Felista, mke wa Mogesi, ndiye pekee ambaye hakudanganya. Alipoulizwa alijibu kwamba atakaa mpaka watu waache kuchafuka.

Felista alikuwa dobi, na udobi wake ulikuwa wa pua. Madobi wengine hufunga kipande cha uzi wa rangi kwenye nguo ya kila mteja ili zisichanganyike. Yeye aliona huo ni ujinga. Aliinusa kola ya shati kabla ya kulitia kwenye karai, akainusa tena baada ya kulianua, na akajua ni la nani. Alisema jasho hutoka na sabuni, vumbi hutoka na sabuni, lakini yale mafuta ambayo shingo ya mtu hujitolea yenyewe hubaki kidogo ndani ya nyuzi hata ukisugua mpaka vidole vichubuke. Ndugu wawili waliwahi kumtega kwa kubadilishana mashati wiki nzima. Aliwarudishia nguo zao, akamwambia kila mmoja kuwa amekuwa akivaa la mwenzake, kisha akawatukana mbele za watu kwa kumpotezea muda. Kambi ilicheka siku mbili.

Pua hiyo alizaliwa nayo. Kwao Nyansurura, alipokuwa mtoto, mama yake alimpa kibuyu cha maziwa anuse na aseme ng'ombe gani amekamuliwa humo, na wageni walitoa macho. Baba yake alizoea kusema kwamba huyu angezaliwa mbwa wa kuwinda wangemgombania, na hakusema kwa ubaya. Alisoma mpaka darasa la saba, akalima, akaimba kwaya, akaolewa Susuni akiwa na miaka ishirini kwa ng'ombe ambao kaka yake naye aliwatumia kuoa. Mogesi alikuwa mwanamume wa maneno mengi na jembe jepesi. Shambani alichoka kabla jua halijapanda. Kwenye duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, aliweza kukaa chini ya ardhi kutwa nzima na bado akapanda juu akiimba. Felista alimpenda sana. Haikuwa siri hata kidogo, na wanawake wa kambini walimtania kwamba anampakulia mume chakula kama anayemlisha mgonjwa.

Duara lilititia Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, baada ya mvua ya siku mbili. Walikuwa chini watu saba. Wanne walitolewa, wawili kati yao wakiwa hai. Watatu hawakuonekana, na Mogesi alikuwa mmoja wao. Wenzake walichimba siku sita mchana na usiku, wakaona kuta zinaanza kuteremka juu yao pia, wakapanda juu. Siku ya saba shimo lilifukiwa. Felista alisimama pale akiangalia beleshi zikirudisha udongo, na hakuna aliyeweza kumwambia kama walikuwa wanafukia mtu au wanafukia mawe tu.

Kilichobaki kwake kilikuwa shati la drafti, jekundu na jeusi. Mogesi alilivua asubuhi ile na kulitundika kwenye msumari, kwa sababu hakuna mwenye akili anayeshuka duarani na shati zuri.

Sasa nyumba ya kina Mogesi ilikuwa na desturi yake, ambayo hata majirani zao wa Susuni hawakuifuata. Mtu wao akipotea mwili, mtoni au porini au popote, walikizika kivazi chake cha mwisho. Kilipaswa kukaa mwaka mmoja bila kufuliwa, kisha kinachimbiwa kaburi fupi ubavuni mwa baba zake, kinafukiwa, na wanawake wanalia kilio cha mara moja na cha mwisho. Kabla ya hapo marehemu hana pa kulala. Mama mkwe wake, Bhoke, alikuja kambini mwenyewe kumpa maagizo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyerudia neno.

"Usilifue," alisema.

"Sitalifua, mama."

"Mtu asilivae. Asililalie. Jasho lake ndilo mwili wake sasa. Likiingia la mtu mwingine, tutazika wawili."

"Wawili vipi, mama, na huyo mwingine yuko hai?"

"Atazikwa hivyo hivyo akiwa hai. Ataliliwa siku ile, na siku atakayokufa kwa kweli hakuna wa nyumba hii atakayemlilia tena. Kilio chake kitakuwa kimekwisha. Umenisikia?"

Felista alisikia. Aliapa mbele ya msumari. Wala usidhani aliapa kwa mdomo tu, maana yeye mwenyewe alitaka kuliko mtu yeyote Mogesi wake apate pa kulala.

Chumba chake kilipakana ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea vyuma. Mwenyewe aliitwa Abdurahmani, fundi wa Tarime mjini ambaye babu yake alitoka pwani na cherehani moja, mtu mpole, mswalihina, mwenye nyusi zilizoungua nusu. Kambi nzima ilimtegemea, kwa kuwa karasha za kusagia mawe zilivunjika kila siku na bila yeye dhahabu ingebaki ndani ya mwamba. Jenereta lake lilianza kunguruma saa nane mchana, akishaswali na kula, na kutoka hapo mwanga wa buluu ulipenya kwenye matundu ya misumari ya bati na kuruka ruka chumbani kwa Felista. Kulikuwa pia na harufu, kali na baridi, kama ile ya hewa baada ya radi kupiga karibu. Felista aliizoea.

Siku arobaini na kitu baada ya duara kutitia, alikuwa ameingia chumbani kutafuta kipande cha sabuni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vumbi, joto limejaa mpaka darini, na upande wa pili fundi alikuwa na kazi kubwa. Felista alisimama ghafla. Nyuma ya ile harufu ya radi kulikuwa na harufu nyingine, ya joto, tamu kidogo na chungu kidogo, harufu ya shingo ya mtu aliyetoka kuamka. Ilitoka upande wa msumari. Ilikuwa nyingi kana kwamba mwenyewe ameingia na kusimama hapo.

"Mogesi?" aliita.

Hakujibiwa, bila shaka. Lakini aliogopa, na juu ya woga huo alifurahi kiasi cha kukaa chini sakafuni na povu likimkaukia viganjani. Harufu ilikaa mpaka jenereta lilipozimwa. Kisha ikaondoka kidogo kidogo, na chumba kikabaki cha mtu mmoja.

Kuanzia siku hiyo, saa nane ilikuwa ya Mogesi. Felista aliacha nguo za watu kwenye karai, akaingia ndani, akafunga mlango. Wiki za mwanzo aliketi tu kwenye kitanda na kumsimulia habari za kambi: nani amepata, nani ametoroka, nani amepigana. Halafu kuketi hakukutosha. Alisogea karibu. Akaligusa shati kwa ncha za vidole. Akaiweka pua kwenye kola, halafu shavu, halafu paji la uso. Ulipofika mwezi wa nne alikuwa akilitungua na kujilaza nalo likiwa limefunika uso wake, akipumua humo saa nzima, na machozi yakiingia humo humo. Hakulivaa. Hilo alijihakikishia kila siku: sikulivaa, sikulilalia, ni lenyewe lililonilalia mimi. Binadamu akitaka kujidanganya huwa wakili mzuri sana.

Jambo moja lilimtatiza. Fundi alipokwenda Tarime kwa sikukuu ya Idi na kukaa huko siku kumi, Mogesi hakuja. Felista alijilaza na shati, akanusa, akapata kitambaa tu. Siku hizo hakula vizuri. Alifikiri amemkosea mume, akaomba radhi kwa makosa ambayo hata hakuyatenda. Fundi aliporudi na jenereta likanguruma, harufu ilirudi siku hiyo hiyo. Mwanamke mwingine angejiuliza swali. Felista alijijibu kabla ya kujiuliza: Mogesi na fundi walikuwa marafiki, walikunywa chai pamoja, basi marehemu anasikia jenereta la rafiki yake huko chini na kulifuata ili apate njia ya kutokea. Alipofikiri hivyo alilia kwa huruma, akimwaza mtu anayepapasa gizani akielekea kwenye kelele.

Kwa hiyo ilipotokea siku ambayo fundi hana kazi, Felista alimtafutia. Alileta jiko la chuma lililong'oka mguu. Wiki iliyofuata alileta tena jiko lile lile, mguu wa pili. Akaleta bawaba ya mlango. Akaleta kitanda, ambacho alikuwa amekivunja mwenyewe kwa nyundo, na jirani akamwona. Kambini uvumi haulali. Walisema mjane anamtaka fundi, na fundi ni mzee, na ni Mwislamu, na kitanda chenyewe hakidanganyi. Hata Abdurahmani alianza kumsalimia akiwa ameangalia moto wake.

Aliyemaliza uvumi huo alikuwa binti wa fundi, Rahima. Alifundisha kemia sekondari huko Mugumu, na mwezi wa kumi alikuja kumtembelea baba yake siku chache. Alisikia habari ya kitanda kabla hajakaa chini. Hakuwa msichana wa kumung'unya maneno. Siku ya pili, saa nane kasoro, alibisha mlango wa Felista.

"Hodi dada Felista. Wanasema unamtaka baba yangu. Mimi sioni kama unamtaka. Una nini?"

Ni ajabu jinsi swali la wazi linavyoweza kumvunja mtu. Felista alikuwa amebeba jambo lile miezi kumi peke yake. Alimwambia yote, la saa nane, la Idi, la majiko. Alipomaliza aliongeza kwamba wiki mbili zijazo Bhoke atakuja kulichukua shati, na kwamba haogopi kulitoa, anaogopa saa nane ya siku itakayofuata.

Rahima hakucheka. Aliomba kuliona. Aliliangalia msumarini, kisha akaangalia matundu ya bati.

"Dada, unaijua ile harufu ya radi baba akichomelea?"

"Naijua."

"Ule mwanga wake unaichoma hewa. Hewa tunayovuta inageuka kuwa kitu kinaitwa ozoni. Ni kikali. Kinakula vitu. Chakula kinachokipenda kuliko vyote ni mafuta ya ngozi ya mtu, haya tunayotoa wenyewe bila kujipaka. Yakikaa kwenye nguo yametulia, hayanuki sana. Ozoni ikiyakuta inayakata vipande vidogo vidogo, na vile vipande vinaruka, ndiyo vinakuja puani. Sisi chuoni mwalimu wetu alituonyesha kwa fulana ya mtu. Harufu ya binadamu ikajaa darasa na mwenyewe yuko nje."

Felista alielewa upesi kuliko wanafunzi wengi wa Rahima. Mafuta ya shingo alikuwa ameyajua kabla ya kuambiwa na mwenye cheti. Alichoshika kwanza ni kile kilichomuuma.

"Kwa hiyo nilipokuwa namsikia, alikuwa analiwa."

"Mafuta ndiyo yalikuwa yanaliwa."

"Kila siku. Na mimi ndiye niliyevunja vitanda ili aliwe."

Rahima alitaka kuishia hapo, na pengine ingekuwa heri. Lakini alikuwa mwalimu, na walimu wana ugonjwa wa kumaliza somo.

"Dada, kuna kitu sikielewi. Miezi kumi, kila mchana, chumba kidogo hivi. Mafuta ya mtu aliyelivaa mara ya mwisho mwaka jana yangekuwa yamekwisha zamani. Wiki kadhaa, labda miezi miwili. Haya unayoyasikia sasa ni mapya." Akamgeukia. "Nani analishika?"

Felista alikuwa akiliangalia shati. Rahima aliuliza kama ana foronya aliyoilalia siku chache bila kuifua. Akaitundika ubavuni mwa shati. Akatundika na kitenge kilichofuliwa asubuhi. Jenereta liliponguruma walitoka nje na kufunga mlango, wakakaa kivulini karibu saa nzima. Kisha Rahima alimfunga macho kwa mtandio wake, akamwingiza ndani kwa mkono kama anayemwongoza kipofu.

"Hiki?"

"Sabuni. Ni kitenge."

"Hiki?"

Felista alivuta pumzi, na uso wake ukalainika. "Huyu ndiye. Huyu ndiye Mogesi. Mwache hapo hapo."

"Na hiki?"

"Huyo pia ni yeye." Halafu akanyamaza, kwa sababu haiwezekani mtu kuwa wawili. Aliutoa mtandio mwenyewe. Kile cha pili, alichokuwa ameking'ang'ania kwa mikono yote miwili, kilikuwa foronya yake; cha tatu ndicho kilikuwa shati.

Hapo ndipo ilipomwangukia. Aliwajua wanaume wa kambi nzima kwa kola, aliwajua ng'ombe wa baba yake kwa maziwa, na katika dunia yote kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye pua yake haikuwahi kumjua, kwa sababu pua hukaa naye siku zote na haimsikii. Mogesi alikuja kweli, wiki zile za mwanzo. Kisha akaondoka, hajui siku gani, na mwanamke mwingine akaingia chumbani taratibu mahali pake, akisimuliwa habari za kambi, akiombwa radhi, akililiwa. Kwa miezi minane alikuwa ametembelewa na nafsi yake mwenyewe. Niseme tu wazi kwamba mizimu ya watu wengine haitishi namna hiyo.

"Hamna hata tone lake?" aliuliza.

"Sijui," Rahima alisema. Sasa alikuwa akilia na yeye, na alijuta. "Labda kwenye mishono, ndani kabisa, mahali hewa haifiki. Sijui, dada. Nisamehe."

Felista alilivingirisha shati lile, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga mafundo matatu. Siku kumi na tatu zilizobaki hakuufungua. Jenereta liliponguruma alikaa nje na karai lake, mgongo kwenye bati, na mwanga wa buluu ukarukaruka ndani ya chumba kisichokuwa na mtu. Kila aliponyoosha mkono kuchukua sabuni aliuona mkono ule kama wa mgeni. Alijinusa kiganja, kiwiko, ndani ya kanga yake. Hakupata kitu, na kutopata kitu huko kulimtisha zaidi, kwa maana sasa alijua kwamba kipo.

Bhoke alifika siku ya ahadi pamoja na Nikodemo, mdogo wake Mogesi. Felista alipiga goti akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Liko wapi?"

Aliutoa mfuko. Alikuwa amejiandaa kusema. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno: mama, nimevunja agizo, nimelilalia, ukilizika utanizika. Lakini alipofumbua mdomo aliuona uso wa yule mama, na alichokiona hapo kilimzuia. Bhoke hakuwa amelia tangu Novemba. Alikuwa amejizuia mwaka mzima kama mtu anayebeba mtungi uliojaa, akingoja kufika mahali pa kuutua. Ukimwambia sasa kwamba hapana pa kutua, je? Mogesi hana kivazi kingine. Shati likikataliwa, hatapata pa kulala milele, na mama yake atauzeekea mzigo ule.

Basi Felista alinyamaza. Walipanda pikipiki mbili mpaka barabarani, wakachukua gari la Tarime, na kesho yake asubuhi walikuwa Susuni.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, fupi, la urefu wa mkono, kati ya baba yake Mogesi na babu yake. Ndugu walikuwa wamejaa uani. Nikodemo alishika jembe. Wanawake walikaa tayari upande wa migomba, kanga zimefungwa viunoni, wakingoja sauti ya mama wa marehemu, kwa kuwa ndiye anayeanza. Bhoke alipiga magoti ukingoni, akafungua mafundo matatu moja moja, akalitoa shati, na kabla ya kulilaza akaliinamia na kuweka uso wake kwenye kola.

Alikaa hivyo muda mrefu. Felista alikuwa amesimama nyuma yake.

Kisha yule mama akageuka, na bila kuinuka akamwashiria ainame. Alisema kwa sauti ambayo hata Nikodemo mwenye jembe hakuisikia.

"Nilimzaa mimi. Nilimnyonyesha miaka miwili. Ulidhani sitajua?"

Felista alipiga magoti pembeni yake. "Nilidhani ni yeye, mama. Haki ya Mungu nilidhani ni yeye."

"Yumo. Kidogo sana, huku kwenye pindo. Wewe umo kote." Bhoke alimwangalia. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Felista angependelea hasira. "Wewe una miaka ishirini na tisa. Una kwenu. Unaweza kuolewa, ukazaa, ukafa mzee, ukaliliwa na watoto wako na sisi tukaja na ng'ombe. Nikilifukia hili, kwetu umekwisha. Sitakuja mimi, hatakuja huyu Nikodemo, hatakuja mtoto wa huyu. Na ukoo ukisema mtu ameshazikwa, hata huko kwenu watakulilia kwa kuogopa. Nikilirudisha mfukoni, mwanangu atabaki nje. Mimi nimeshindwa kuchagua. Chagua wewe."

Watu walianza kugeuza shingo, wakishangaa kuna nini. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba. Felista aliliangalia lile shimo dogo, jembamba, safi, na alijua kwamba hakuna atakayemlaumu akisema hapana, si Bhoke, si padri, si hata Mogesi mwenyewe ambaye katika maisha yake hakuwahi kumlazimisha kitu. Alitaka kuishi. Hilo pia aliliona wazi, na lilimshangaza.

"Yuko peke yake huko tangu mwaka jana," alisema. "Fukia, mama."

Bhoke alililaza shati, akalinyoosha mikono, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Akatupia udongo wa kwanza kwa kiganja. Nikodemo akaleta jembe. Ilichukua muda mfupi tu, maana lilikuwa kaburi la kitambaa.

Kisha yule mwanamke mkavu alisimama, akaweka mikono kichwani, na mwaka mzima ukamtoka kwa sauti moja. Aliita, "Mogesi! Mogesi wangu!" Wanawake wa migombani wakainuka kumpokea. Na kabla hawajafika akavuta pumzi tena, akaita jina la pili.

"Felista! Felista wangu!"

Kwa kitambo kilio kilisita. Walimtazama mama, wakamtazama mjane aliyesimama pale mzima na udongo magotini, wakatazamana. Kisha wale wazee, waliokumbuka desturi ya nyumba ile, walielewa, na mmoja akalipokea jina, na wa pili, na mwishowe wote, mpaka watoto walilishika bila kujua. Walimlilia vizuri. Walisema alikuwa mkarimu, walisema alifua nguo zikang'aa, walisema amekwenda mapema na hakuacha mtoto. Felista alisikiliza kila neno, asije akakosa hata moja. Halafu akaketi chini katikati yao, akafunika uso kwa kanga na kulia pamoja nao, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kwa sababu kilio chake kilikuwa hicho na hakukuwa na kingine.